Escudo Kongwe na Njia za Pemba: Pesa Kidogo Ianzie Wapi

Mwenye Escudo kongwe hapa Pemba akipata pesa kidogo, jambo la mwanzo linalomjia ni lifti. Anataka gari isimame juu, tairi pana zitokeze nje ya bodi, taa za LED zipangwe juu ya kioo. Pesa zinaishia hapo. Masika yakiingia, kwenye mteremko wa udongo mwekundu gari iliyonyanyuliwa inateleza sawasawa na isiyonyanyuliwa, na ikizama haina hata pahala pa kufungia kamba. Kwa hivyo mwongozo huu unatoka chini kwenda juu: kwanza chuma, halafu tairi, halafu vya kujikwamulia, halafu maji. Lifti iko mwisho, na nadhani wengi wakifika huko watakuwa hawaitamani tena.

Gari ninayoizungumzia ni Suzuki Escudo ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kutoka Japani mwaka 1988, yenye injini ya petroli ya 1.6. Nchi nyengine waliijua kwa jina la Vitara. Ina chasisi kamili chini ya bodi, ekseli nzima nyuma, na gia ndogo yenye 2H (magurudumu mawili yanavuta), 4H (yote manne, mwendo wa kawaida) na 4L (yote manne, polepole kwa nguvu). Wenye RAV4, na Unguja ndiko zilikojaa, nao wasome, ila wajue gari yao haina chasisi ya namna hiyo wala 4L. Kutu, tairi na maji vinawahusu. Ya kuvuta na kunyanyua wayaache.

Njia zetu hazifanani. Magharibi ya Pemba ni vilima na mabonde, udongo unaonata na kujaza meno ya tairi. Mashariki, Micheweni na kuendelea, ni uwanda wa mawe yenye ncha. Ukipita Konde, ukatoka msitu wa Ngezi kuelekea Makangale na Ras Kigomasha, unakutana na mchanga. Safari moja ya asubuhi inaweza kukupitisha kote huko, na ndiyo maana haifai kuitengeneza gari kwa ajili ya tope peke yake au mchanga peke yake.

Kwanza, lala chini ya gari

Kisiwani adui wa gari ni chumvi. Upepo wa kusi unaileta hadi kwenye gari ambayo haijawahi kukanyaga ufukwe. Hakuna maana ya kufunga kitu chochote kipya kwenye chasisi iliyokwisha liwa.

Osha chini ya gari kwa maji ya bomba au ya mvua. Maji ya visima vya karibu na pwani mara nyingi yana chumvi, na utakuwa unaiongezea gari ugonjwa. Ikikauka, chukua nyundo ndogo, bisibisi, brashi ya waya na tochi. Gonga chasisi kutoka mbele mpaka nyuma, kila baada ya upana wa kiganja. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito isiyo na mwangwi, na bisibisi ikisukumwa pale inaingia. Angalia zaidi sehemu tatu: mkia wa chasisi nyuma ya magurudumu ya nyuma, pale inapofungwa mikono inayoshika ekseli, na chini ya miguu ya bodi, kwani tope likijikusanya hapo halikauki.

Mirija ya breki ya chuma inayokwenda nyuma iangalie kwa jicho la pekee. Mrija uliovimba kwa kutu haupakwi rangi. Unabadilishwa, na pesa yoyote uliyoiweka kwa ajili ya taa au redio iende huko.

Ukikuta tundu ndogo pahala pasipobeba uzito mkubwa, kiraka cha bati la milimita 3 kinatosha, kichomelewe pande zote nne, si kubandikwa kwa matone. Kabla fundi hajawasha mashine, ondoa waya wa hasi wa betri, mwambie aweke athi, yaani waya wa kurudishia umeme wa mashine, karibu na anapochoma, toa zulia la ndani upande ule, angalia mirija ya petroli inapita wapi, na ndoo ya mchanga iwe mkononi. Tundu ikiwa kwenye kishikio cha mkono wa ekseli, hiyo si kazi ya kuchomelewa chini ya mwembe. Tafuta fundi anayejua chasisi, ama sivyo ekseli itakuja kuhama njiani.

Baadae zibua zile tundu ndogo zilizo chini ya chasisi. Kiwanda kiliziweka ili maji yatoke, lakini baada ya miaka huwa zimejaa mchanga mgumu. Pitisha waya, halafu maji, uache ikauke jua zima. Nje paka redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mara mbili, halafu rangi nyeusi ya mafuta. Ndani ya chasisi brashi haifiki, kwa hivyo tumia bomba la kupulizia dawa za mimea lenye mrija mrefu, na mafuta mepesi yaliyochanganywa na grisi kidogo.

Wengi wanatumia oili chafu iliyomwagwa kwenye injini kwa sababu ni ya bure. Mimi siipendi. Inalainisha na kuvimbisha bushi za mpira, inachuruzika mpaka kwenye breki, na inaishia ardhini karibu na visima tunavyokunywa. Kama unataka kitu cha bei nafuu chenye asili ya hapa, wazee wa majahazi wanapaka mbao zao sifa, yaani mafuta ya maini ya papa. Australia wanauza mafuta ya samaki kwenye makopo kwa kazi hii hii ya kuzuia kutu kwenye magari. Yanapenya kwenye viungo vya bati halafu yanaganda. Harufu ni mtihani, sikufichi. Usiyapulize siku moja kabla ya kumpeleka bibi harusi.

Tairi na upepo

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pote, na nusu yake ni bure.

Kabla ya kununua tairi, nunua geji ya upepo ya kuaminika. Kibandiko cha mlango wa dereva kinakuambia upepo wa barabara ya lami; tuseme ni 26 kwa psi. Kwenye mchanga mlaini shusha mpaka 16. Ukishakwama unaweza kufika 12, lakini hapo usikate kona kwa ghafla, tairi itachomoka kwenye rimu. Kwenye tope la udongo 18 hadi 20 inatosha. Kwenye mawe ya uwandani usishuke sana, kwa sababu ubavu wa tairi ukitokeza nje ndio unaokutana na ncha za mawe, na ubavu uliochanika hauzibiki.

Upepo ukipungua, tairi inalala kwa urefu na kukanyaga eneo kubwa zaidi, hivyo uzito wa gari unasambaa badala ya kuchimba. Pale Vumawimbi utaona mtu amezungusha magurudumu mpaka difu, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli, imekaa juu ya mchanga, watoto wanasukuma, yeye anakanyaga mafuta. Ukimwambia atoe mguu, afukue mchanga ulio mbele ya kila gurudumu, ashushe upepo mpaka 14, kisha aondoke na gia ya pili kwenye 4L bila pupa, mara nyingi gari inatoka bila kusukumwa na mtu.

Ukirudi kwenye lami jaza upepo. Tairi laini ikikimbia inapata joto, na joto ndilo linalopasua kuta zake. Pampu ndogo ya volti 12 inatosha kwa gari hii, lakini usiiunge kwenye tundu ya kuwashia sigara, fyuzi yake itakatika. Iunge moja kwa moja kwenye betri, na kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, weka fyuzi ya ampea 30.

Tukija kwenye tairi zenyewe: Escudo nyingi za zama hizo zinavaa 205/75R15, ambayo kipenyo chake ni kiasi cha milimita 688. Watu wanarukia 235/75R15, yenye kipenyo cha milimita 733 hivi. Tofauti ni 45, lakini nafasi kati ya ardhi na difu inaongezeka nusu yake tu, yaani milimita 22. Kwa faida hiyo geji ya mwendo itakudanganya: ikisema 60 wewe uko 64. Injini ya 1.6 itaanza kulia kwenye vilima vya njia ya Mkoani, na tairi itasugua kwenye madigadi ya mbele ukikata kona. Ukiipata 215/75R15 yenye meno ya nusu kwa nusu, ya barabara na ya pori, hiyo inaikaa gari vizuri bila kubadilisha chochote. Meno makubwa ya tope yanaisaidia gari kweli kwenye udongo wa Pemba, lakini yanavuma kwenye lami, yanakwisha haraka, na mvua ikinyesha breki zake kwenye lami si za kuaminika.

Tairi za mtumba hazina ubaya ukijua kuzisoma. Kwenye ubavu tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikizidi miaka kumi iache hata kama meno ni mapya. Ikunje ubavu kwa mikono uone nyufa. Tena kitu kimoja ambacho wauzaji hawasemi: zote nne lazima ziwe za ukubwa mmoja. Escudo ikiwa kwenye 4H, mbele na nyuma vinazunguka kwa kasi moja. Tairi zikitofautiana kipenyo, gia ndogo ndiyo inayobeba ugomvi wao. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke 4H kwenye lami kavu. Habu za mbele, yaani vitovu vya magurudumu, kama ni za kujifunga zenyewe, ukimaliza tope simama, rudisha 2H, kisha rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka ili zifunguke.

Kama tairi ina tyubu, usishushe upepo chini ya 20. Tairi huzunguka kidogo juu ya rimu na kichwa cha tyubu kinakatika.

Vya kujikwamulia

Zile pete nyembamba zilizo chini ya bampa zimewekwa kwa ajili ya kuifunga gari melini isitembee. Hazikuwekwa za kunyofolea gari iliyozama. Bampa ndiyo kabisa.

Mtengenezee fundi kielelezo cha boksi la kadi, kisha akukatie kipande cha chuma cha milimita 10, chenye tundu kubwa moja ya kupitisha shakoli, ile pingu ya chuma ya kufungia kamba, na tundu mbili za bolti. Kinafungwa ubavuni mwa chasisi, si kwenye bati la bodi. Bolti ziwe za milimita 12, na kichwani ziwe zimeandikwa 8.8 au zaidi. Isiyo na namba usiitumie. Chasisi ni boksi tupu ndani, ukikaza bolti kwa nguvu inabonyea, kwa hivyo chomeka kipande cha bomba nene ndani yake ambacho bolti inapita katikati. Fanya kimoja mbele na kimoja nyuma. Kimoja tu hakitoshi, maana mara nyingi njia ya kutokea ni ile uliyoingilia.

Kamba tunazo, visiwa hivi ni vya wavuvi. Ila si kila kamba inafaa. Kata kipande kidogo ukitie kwenye ndoo ya maji. Kinachoelea ni polipropilini: ni rahisi, jua linaikausha, na haina mnyumbuko wa kutosha. Nailoni inazama, na ikivutwa inanyumbuka, hivyo mshtuko hauendi wote kwenye chasisi. Chukua nailoni ya milimita 20 au zaidi, urefu wa mita nane au tisa, isiyo na fundo katikati. Mwisho wake isukwe kitanzi na mtu anayejua kusuka kamba. Fundo linapunguza nguvu ya kamba karibu nusu.

Wakati wa kuvuta tupia zulia la gari au gunia lenye mchanga kidogo katikati ya kamba. Ikikatika, gunia linaiangusha chini. Watoto wasogezwe mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, na hapa unahitaji ukali, kwa sababu gari ikikwama kijiji kizima kinakuja kutazama. Usifunge kamba kwenye mpira wa chuma wa kuvutia tela. Ukichomoka unaruka na kuua.

Vitu vyengine vya bei ndogo vya kuwamo ndani ya gari: chepe lenye mpini mfupi, ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 4, wa kukalisha jeki isizame, mbao mbili za urefu wa mita moja za kutia chini ya magurudumu. Mbao hizo zifungwe vijiti vya kukamata kwa bolti au kamba. Msumari ukichomoza utatoboa tairi ile ile unayoiokoa. Kama huna mbao, jamvi chakavu linafanya kazi kwenye mchanga, ila kwenye udongo wenye maji linateleza.

Kwa wanaopenda kuteremka ufukweni: angalia mwezi kabla ya kuangalia gari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu inapanda na kushuka kiasi cha mita nne. Kutoka maji kupwa mpaka kujaa ni saa sita na ushei. Gari iliyozama kwenye mchanga wa chini wakati wa kupwa ina muda huo tu, na si wote, maana maji yanafika kwenye magurudumu mapema.

Maji

Difu ina tundu ndogo ya kupumulia, yenye kikofia, juu ya bomba la ekseli ya nyuma. Ukiendesha, mafuta ndani yanapata moto na hewa inatanuka. Ukiingia ghafla kwenye maji baridi ya bonde la mpunga, hewa inasinyaa na ekseli inavuta. Kikofia kikiwa kimeziba kwa tope au kiko chini ya maji, kinachovutwa ni maji, kupitia hapo au kwenye sili.

Kama gari yako imepita kwenye maji ya kufika habu, fanya hivi. Iache isimame usiku kucha pahala palipo sawa. Asubuhi, kabla ya kuitikisa, weka sahani chini ya difu na ulegeze nati ya kumwagia, usiifungue yote. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hivyo yamelala chini. Likitoka kwanza tone jeupe la maji, ndipo mafuta yafuate, umepata jibu. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamekwisha changanyika na huna cha kusubiri: mwaga yote na utie mapya ya difu, 80W-90 yenye alama ya GL-5, mpaka yaanze kumwagika kwenye tundu ya kujazia. Siku zote fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ya kumwagia. Ukimwaga halafu ukakuta ya kujazia imeshikwa na kutu, gari haiondoki hapo.

Dawa yake ni ndogo, na gharama yake haizidi nusu tangi ya petroli:

1. Fungua kikofia cha ekseli ya nyuma. Kipeleke dukani kama kipimo, upate kichwa chenye nyuzi zile zile na mdomo wa kuvalisha mpira.
2. Nunua mpira wa petroli, si mpira wa maji wa kioo, kwa sababu huo wa maji mafuta ya difu yataulainisha. Mita tatu zinatosha kwa nyuma.
3. Upitishe juu ya chasisi ukifuata mrija wa breki, lakini usiufunge kwenye mrija wenyewe. Pale ekseli inapokutana na bodi acha mpira ulegee. Nyanyua bodi kwa jeki mpaka gurudumu lininginie, uone mpira haukazi.
4. Upandishe mpaka nyuma ya taa ya nyuma, ndani ya bodi. Mwisho wake chomeka filta ndogo ya petroli ya plastiki, ielekee chini. Inazuia vumbi na wadudu.
5. Fanya vivyo hivyo kwa difu ya mbele, mpira wake uishie juu karibu na betri. Gia boksi na gia ndogo angalia tu zinapumulia wapi. Kama mrija wao umeshapandishwa, waache.

Baada ya hapo ni umeme. Injini hizi zina distributa, kidude kinachogawa umeme kwenye plagi, na maji yakiingia kwenye kifuniko chake gari inazimika katikati ya bonde. Futa kifuniko ndani na nje, paka grisi ya silikoni kwenye vichwa vya waya za plagi pale zinapoingia, na waya iliyopasuka ibadilishe. Feni ya mbele inazungushwa na injini yenyewe, na ikikutana na maji inayapiga yote juu ya distributa. Kwa hivyo kabla ya kuingia kwenye maji marefu funga turubai mbele ya grili, kutoka boneti mpaka chini ya bampa. Nenda mwendo wa mtu anayetembea, usisimame. Maji yanasukumwa pembeni na turubai, na ndani ya boneti yanabaki chini. Ukitoka tu ulifungue, la sivyo injini itachemka.

Kisha tafuta kikomo cha gari yako. Fuata mpira wa ea klina mpaka mdomo unapovutia hewa. Pima kutoka ardhini mpaka mdomo huo, toa sentimita 20, uweke alama ya rangi kwenye fimbo. Fimbo hiyo ikae ndani ya gari. Penye maji unashuka, unapita kwa miguu, unapima. Vaa buti za mpira. Mabonde yetu mengine yana kichocho, na kisima cha maji kisichoonekana hakikuambii kilipo. Maji yakipita alama, zunguka njia nyengine. Injini ikinywa maji, konrodi zinapinda kwa mzunguko mmoja, na bei ya injini unaijua.

Bomba la PVC la kutengenezea snokeli, yaani mrija wa kuipandishia injini mdomo wa hewa juu, ambalo naona vijana wamelipenda, lina mambo matatu. PVC inalainika joto likikaribia nyuzi 80, kwa hivyo ndani ya boneti iendelee mipira ya asili na bomba lianzie nje. Jua linaifanya ikatike, ipake rangi. Na boksi la ea klina lina tundu chini ya kutolea maji. Snokeli nzuri haikusaidii kitu kama tundu hiyo iko wazi. Kwa maoni yangu, kwa njia za Pemba, fimbo yenye alama inatosha.

Ngao ya chini

Kwa mawe ya Micheweni na visiki vya mashambani, sampu ya injini, chombo cha oili kilicho chini yake, inahitaji kinga. Bati la chuma la milimita 4, lililokunjwa kidogo mbele ili lipande juu ya jiwe badala ya kulikwaa. Bati la pipa la mafuta lina unene wa milimita moja tu, litajikunja na kubonyeza sampu yenyewe. Lifungwe kwa bolti nne, lisichomelewe, na liwe na tundu ya kufikia nati ya kumwagia oili pamoja na tundu za hewa na maji. Kila mwezi lifungue ufukue tope, maana juu yake ndipo chumvi inapopata nyumba.

Taa

Fupi tu. Taa mbili za wati 55 zinakula wati 110, sawa na ampea 9 hivi kwenye volti 12. Swichi ya dukani haibebi hizo kwa muda mrefu, itayeyuka. Weka rilei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo na kubeba mkubwa, yenye miguu iliyoandikwa namba: mguu 30 kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 15, mguu 87 kwenye taa, 86 kwenye swichi, 85 kwenye athi. Waya wa milimita za mraba 2.5. Kila kiungio kipakwe grisi. Na zizimwe unapokutana na gari nyengine, tafadhali, njia zetu ni nyembamba na pembeni kuna watu wa baiskeli.

Lifti, kama bado unaitaka

Milimita 30, isizidi. Nyuma ni rahisi: vipande vya mviringo vya nailoni ngumu au vya chuma vinawekwa kwenye kikalio cha springi. Mbao hapana, kuichoma moto springi hapana, kuichomelea hapana.

Baada ya kuweka, nyanyua gari ekseli ininginie uangalie mrija wa mpira wa breki ya nyuma. Ukikaza kama kamba iliyovutwa, teremsha kishikio chake. Nyuma pia Escudo nyingi zina kidude cha kugawa nguvu ya breki, chenye mkono mwembamba unaofungwa kwenye ekseli. Kinapima bodi iko juu kiasi gani. Ukinyanyua bodi kinadhani gari iko tupu, kinapunguza breki ya nyuma. Kishikio cha mkono huo lazima kipandishwe kwa kiasi kile kile ulichoongeza. Mafundi wengi hawakigusi, muulize mapema.

Mbele ni kazi zaidi. Springi iko peke yake juu ya mkono wa chini, shokapu iko pembeni, na vyote viwili vinahitaji nyongeza yake. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mkono wa mtu, kwa hivyo kama fundi hana kibanio cha springi, acha. Pembe ya ekseli za mbele inaongezeka na mipira ya jointi inaanza kupasuka. Iangalie kila unapoosha gari, grisi ikionekana imeruka ndani ya rimu, imeshachanika.

Endesha gari siku mbili tatu kwenye njia ya kawaida, kisha kaza tena bolti zote ulizozigusa. Peleka alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, kwa sababu magurudumu ya mbele yatakuwa yamefunguka na tairi zitalika upande mmoja. Taa kubwa za mbele nazo ziteremshwe: usiku egesha gari mita tano mbele ya ukuta, kwenye ardhi iliyo sawa, na uzishushe kwa skurubu zake mpaka ukingo wa mwanga uwe chini ya urefu wa taa zenyewe.